Sura ya 6: Ruzuku Huingia Mfuko wa Nani?

Kwenye mikutano ya vijiji vya Suguti, Chirorwe na Wanyere swali halibadiliki: "Bwana shamba, zile hela za ruzuku zinaingia lini kwenye simu?" Haziingii. Zinazoingia kwenye simu ni za TASAF, za kaya maskini, na hata asiye na shamba huzipata. Kuchanganya mambo haya mawili kumewaponza watendaji wengi wa vijiji, wakaitwa wezi wa fedha ambazo hazikupita mikononi mwao.

Tufuate mfuko mmoja wa mbolea ya DAP, kilo 50. Agosti 2022, bei ya mbolea ikiwa imepaa duniani, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku pale Mbeya, siku ya Nane Nane. DAP iliyouzwa kwa wastani wa shilingi 131,676 ikashushwa hadi 70,000. Mkulima huandikishwa kijijini, taarifa zake zikaingizwa kwenye mfumo, akapewa namba. Msimu ule, dukani alitaja namba na kulipa 70,000. Wakala huiskani alama ya mfuko, na mfumo unajua mbolea imemfikia nani. Zile 61,676 zilizosalia, kampuni ya mbolea iliidai serikali. Kwa hiyo asiyekuwa na 70,000 siku ile hakupata ruzuku, hata jina lake likiwa la kwanza kwenye daftari. Vocha za mwaka 2008 nazo zilikuwa hivyohivyo: karatasi ililipa nusu, nusu ya pili utoe mwenyewe, na wengi walishindwa hapo.

Na asiyetumia mbolea? Huku kwetu Mara muhogo, mtama na pamba hulimwa bila DAP wala urea. Ruzuku ikaenda yaliko mahindi, Mbeya na Ruvuma. Wapo wanaodai Mara imesahaulika kwa sababu za siasa. Ukweli ni kwamba ruzuku ya mbolea humfuata mnunuzi wa mbolea.

Msemo kwamba mbolea inaua ardhi nitaumaliza upesi. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ikimwagwa miaka mingi mfululizo huongeza tindikali, ni kweli. Ila kinachochosha mashamba mengi ni kuvuna kila mwaka bila kurudisha kitu.

Kuna upuuzi wa wasomi pia, wa kwenye semina za hotelini: ati ruzuku inalemaza mkulima. Nilikusudia hapa kueleza mbegu, lakini hili siwezi kulipita. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wa pamba walime upya mashamba, waing'oe pamba iliyokwisha kuota, takriban ekari milioni 10, ili bei ipande. Walilipwa kwa kuharibu! Malipo yakaendelea kwa sura nyingine miaka yote, hadi Brazil ikaishitaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, kwamba ruzuku zake zinajaza pamba sokoni na kushusha bei ya wengine. Brazil ikashinda, na mwaka 2014 ikalipwa dola milioni 300 kumaliza shauri. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali walitoa kilio hichohicho mwaka 2003, wakiomba fidia. Hawakulipwa. Mkulima wa Suguti anauza pamba ileile kwenye soko lilelile, kwa hiyo ruzuku ya Marekani inamgusa kuliko ya Mbeya, tena kwa kumpunguzia. Anayeogopa ulemavu wa ruzuku akaanzie semina yake huko.

Nyumbani, kwa miaka mingi, mbegu na dawa za pamba ziligawiwa kupitia mfuko wa zao, wakulima wakasema tumepewa bure na serikali. Haikuwa bure. Ilikuwa mkopo, ukirudishwa kwa makato ya kila kilo siku ya kuuza. Ndugu msomaji, ukipokea karatasi yako kwenye chama cha ushirika (AMCOS), usiangalie jumla tu. Soma makato, na usilolielewa umuulize katibu kabla hujaondoka kwenye mizani.