Jaji Greer na umati wa nje ya geti

Machi 2005, Jaji George Greer wa kaunti ya Pinellas, jimbo la Florida nchini Marekani, alikuwa haendi popote bila askari. Hakuwa amemfunga kigogo wa dawa za kulevya wala kiongozi wa genge. Kesi iliyomletea ulinzi ilitoka kwenye dawati la mirathi na ulezi, mahali ambapo siku nyingi jaji husikiliza ndugu wakivutana juu ya nyumba ya marehemu au juu ya nani amtunze bibi aliyepoteza kumbukumbu. Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo mwenye macho yasiyoona vizuri, mwanachama wa Republican, Mbaptisti wa Kusini. Mwezi huohuo mchungaji wake alimwandikia kwamba pengine ingekuwa heri atafute pengine pa kusali, naye akajiondoa. Waliokuwa wakimwita muuaji walikuwa watu wa chama chake na wa imani yake.

Aliyewagombanisha ni mwanamke mmoja ambaye hakuwa na habari na lolote. Theresa Schiavo, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Terri, alianguka nyumbani kwake St. Petersburg alfajiri ya Februari 25, 1990, akiwa na miaka 26. Moyo ulisimama na ubongo ukakaa bila hewa dakika kadhaa. Waokoaji waliurudisha moyo, lakini fahamu hazikurudi. Akaishi miaka 15 akilishwa kwa mrija uliopitishwa tumboni.

Kwa asiyewahi kuiona, hali hiyo inachanganya. Mgonjwa hayuko kama picha za filamu zinavyoonyesha, amelala kimya macho yamefumbwa. Hufumbua macho asubuhi na kulala usiku, hupumua bila mashine, hutoa sauti, na mara nyingine mdomo hujikunja ukafanana na tabasamu. Mama akiinama juu ya kitanda na kuona uso ule umegeuka, utamwambiaje kwamba ni mishipa tu? Madaktari walioteuliwa na mume na yule wa mahakama walisema ni mishipa tu. Wawili walioletwa na wazazi walisema kuna matumaini. Video ya saa zaidi ya nne ilipigwa chumbani. Dakika chache zilizokatwa kutoka humo, Terri akionekana kufuatisha puto kwa macho, ndizo zilizozunguka kwenye televisheni za Marekani usiku na mchana.

Mume, Michael, na wakwe zake, Robert na Mary Schindler, walianza wakiwa kitu kimoja. Walimuuguza pamoja, na Michael akawashtaki madaktari. Fidia ilipotoka, sehemu kubwa ikawekwa kwenye mfuko wa matunzo ya Terri na takriban dola 300,000 akapewa mume. Februari 1993 waligombana na hawakupatana tena. Mwaka 1998 Michael aliiomba mahakama iruhusu mrija utolewe, akisema mkewe asingetaka kuishi hivyo. Wakati huo alikuwa tayari na mwanamke mwingine, ambaye baadaye alimzalia watoto wawili, na bado alikuwa mlezi wa kisheria wa mke wake wa ndoa. Watu walipiga kelele kuhusu jambo hilo, na sioni ajabu. Baraza lolote la wazee lingeanzia hapo.

Lakini swali lililokuwa mbele ya Greer Januari 2000 lilikuwa jembamba kuliko hilo. Sheria ya Florida haikumtaka aamue kama mume ni mwema au kama maisha ya Terri yana thamani. Ilimtaka aamue Terri mwenyewe angesema nini. Hakuwa ameandika chochote. Nani huandika akiwa na miaka 26? Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilikuwa imeamua mwaka 1990, katika kesi ya bibi mmoja wa kaunti hiyohiyo ya Pinellas, kwamba maneno ya mdomo yanatosha iwapo ushahidi uko wazi na unaridhisha. Wakili aliyeshinda kesi ile, George Felos, ndiye Michael alimchukua. Na mwaka 1999, Jeb Bush akiwa gavana, bunge la jimbo liliandika bayana kwamba chakula na maji ya mrija ni matibabu ambayo mtu anaweza kuyakataa.

Ushahidi wenyewe ulikuwa mazungumzo ya sebuleni. Michael, kaka yake na mke wa kaka yake walieleza maneno ambayo Terri aliyatamka miaka mingi nyuma, baada ya msiba wa mtu mzima wa familia au mbele ya televisheni, kwamba yeye asingependa kuwekwa kwenye mashine. Upande wa wazazi walikuwa na shahidi wao, rafiki wa Terri, aliyesema walipozungumza habari za Karen Ann Quinlan mwaka 1982, Terri alichukizwa na wazo la kumwachisha matibabu. Greer hakumwamini. Alidhani Quinlan alishafariki mwaka 1976, kwa hiyo watu kuzungumza habari zake kana kwamba yu hai mwaka 1982 hakukumwingia akilini. Kumbe Quinlan, msichana wa New Jersey ambaye kesi yake ndiyo iliyofungua mlango wa mambo haya yote, aliondolewa mashine ya kupumulia mwaka 1976 lakini akaendelea kuishi hadi 1985.

Hilo ni kosa la kweli, na wanaharakati ndio walioling'ang'ania. Mawakili wa wazazi walilipeleka mahakamani mwaka 2005. Jaji akasema halibadilishi matokeo. Mimi ningependa kesi ya uzito huo isiwe na kosa la namna hiyo hata moja. Ila ona lilivyoshughulikiwa: kwa ombi, kwa hoja, na kwa uamuzi ulioandikwa ambao mtu anaweza kuukatia rufaa. Mahakama ya rufaa ya wilaya iliipitia kesi hii mara kadhaa, na mwaka 2001 ilimrudishia Greer ikimtaka asikilize upya kama kuna tiba mpya ya kumsaidia mgonjwa. Ndipo wakaja wale madaktari watano, mwaka 2002. Akaamua vilevile, na rufaa ikamuunga mkono.

Umati ulikuwa na njia yake. Mrija ulitolewa Aprili 2001 na kurudishwa baada ya siku mbili. Ulipotolewa mara ya pili, Oktoba 15, 2003, ofisi za wabunge mjini Tallahassee zilifurika simu na barua, na siku sita baadaye bunge likapitisha kile kilichoitwa Sheria ya Terri. Ilimpa gavana uwezo wa kusimamisha amri ya mahakama kwa mgonjwa ambaye hakuacha maandishi, ambaye mahakama imeshasema hatazinduka, ambaye mrija wake ulikuwa umetolewa kufikia Oktoba 15, na ambaye ndugu yake anapinga. Uwezo huo ungekwisha baada ya siku 15. Jina la Terri halimo, lakini fundi alishachukua vipimo. Gavana akatoa amri na mrija ukarudishwa. Septemba 2004 majaji wote saba wa Mahakama Kuu ya Florida waliifuta: bunge haliwezi kumpa gavana mamlaka ya kutengua hukumu iliyokwisha kutolewa.

Katikati ya hayo palifika jambo ambalo msomaji wa huku halijui sana, kwa sababu majaji wetu huteuliwa. Majaji wa ngazi ya Greer huko Florida hupigiwa kura na wananchi, kila miaka sita. Zamu yake ilikuwa Agosti 2004, akiwa na mpinzani, na kaunti nzima ikijua Schiavo ni nani. Alishinda kwa kura nyingi.

Mwishowe, Machi 18, 2005, mrija ulitolewa mara ya tatu, na barabara iliyopita mbele ya nyumba ya huduma shufaa ya Pinellas Park ikageuka uwanja. Kulikuwa na misalaba, rozari, magari ya televisheni yenye madishi, na vijana waliojibandika utepe mwekundu mdomoni ulioandikwa neno la uhai. Watoto walivuka mstari wa polisi na vikombe vya maji wakisema wanampelekea Terri, wakakamatwa na kufungwa pingu. Kikombe cha maji kilikuwa hoja nzuri ya kamera. Mgonjwa asingeweza kumeza, hilo kamera haikulisema. Ndani ya jengo hilohilo kulikuwa na wagonjwa wengine wanaokata roho, na ndugu zao walilazimika kupenya katikati ya mabango ili wawafikie.

Kundi moja pale nje lilinigusa kuliko mengine, na magazeti ya wakati ule hayakulipa nafasi. Ni watu wenye ulemavu, wa chama cha Not Dead Yet, waliokuja kwenye viti vyao vya magurudumu. Wengi wao hawakuwa watu wa Republican wala wa kampeni za kupinga utoaji mimba. Hoja yao ilikuwa rahisi: mtu asiye na ulemavu akiulizwa leo kama angependa kulishwa kwa mrija atajibu hapana upesi, na jibu hilo la mezani halipaswi kumwua siku atakapokuwa hawezi kulifuta. Walitaka kiwango cha ushahidi kipandishwe, na mlezi mwenye masilahi yake achunguzwe zaidi. Hiyo ilikuwa hoja ya kisheria ambayo bunge lingeweza kuifanyia kazi. Ilimezwa na sauti zilizotaka kichwa cha jaji.

Bunge la Marekani liliitishwa katikati ya likizo ya Pasaka. Seneta Bill Frist, kiongozi wa walio wengi na daktari bingwa wa moyo, alikuwa ametia shaka uchunguzi wa madaktari wa Florida kwa kutazama video akiwa Washington. Usiku wa Jumapili ya Matawi kuamkia Jumatatu, Machi 21, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 203 kwa 58, na Rais George W. Bush, aliyekuwa amekatiza mapumziko yake Texas, akatia saini baada ya saa saba usiku. Sheria nzima ilihusu familia moja: wazazi wa Terri waruhusiwe kufungua shauri lao katika mahakama za shirikisho.

Wakafungua. Jaji James Whittemore akawakatalia kesho yake. Rufaa ikawakatalia kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kisha Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuingilia. Katika duru iliyofuata ya rufaa, Jaji Stanley Birch, aliyeteuliwa na Bush mzee, aliandika kwamba bunge na rais wamekwenda kinyume na Katiba kwa kujifanya mahakama. Huko Tallahassee nako, Machi 23, Seneti ya Florida ilikataa muswada mpya kwa kura 21 dhidi ya 18, na waliokataa walikuwemo Republican. Wananchi wenyewe hawakuwa wote barabarani: kura ya maoni ya CBS ilionyesha asilimia 82 wakisema bunge na rais hawakupaswa kujitia katika jambo hilo.

Terri alifariki Machi 31. Siku hiyohiyo Tom DeLay, kiongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, alisema utakuja wakati ambapo waliohusika watajibu kwa walichokifanya. Neno hilo lingepita kama siasa za kawaida katika mwezi mwingine. Lakini Februari 28 mume na mama wa Jaji Joan Lefkow walikuwa wameuawa nyumbani kwake Chicago, na Machi 11 Jaji Rowland Barnes alikuwa amepigwa risasi mbele ya watu, mahakamani Atlanta. Kesi zao hazikuhusiana kabisa na Schiavo. Hata hivyo Seneta John Cornyn wa Texas alisimama siku chache baadaye akijiuliza kwa sauti kama mauaji ya majaji hayatokani na hasira za watu juu ya majaji wanaoamua kisiasa. Wote wawili, DeLay na Cornyn, walirudi baadaye kujutia walivyosema.

Juni ripoti ya daktari wa serikali, Jon Thogmartin, ilitoka. Ubongo wa Terri ulikuwa na gramu 615, karibu nusu ya ulivyotakiwa kuwa, na sehemu ya kuonea ilikuwa imekufa. Lile puto hakuliona. Hakukuwa na dalili ya kupigwa wala kunyongwa, mambo ambayo mume alituhumiwa kwa miaka. Gavana Bush alimwomba hata hivyo mwendesha mashtaka achunguze ule usiku wa 1990; naye hakupata kosa, na jalada likafungwa mwezi uliofuata.

Waliotaka Greer awajibike walikuwa na milango mingi na waliibisha karibu yote. Florida ina tume ya kupokea malalamiko juu ya majaji. Bunge lake linaweza kumshtaki jaji na kumwondoa. Wapiga kura wanaweza kumnyima kazi. Rufaa inaweza kumsahihisha. Hakuna hata mlango mmoja uliomtoa, nao wakachukulia kwamba milango imeoza. Sidhani. Jaji aliyehukumiwa na wakubwa wake kazini, na wapiga kura, na majaji wa shirikisho, akabaki, amewajibika kiasi ambacho wengi wetu hatutawahi kuwajibishwa. Ambaye hakuwajibishwa ni mbunge wa 1999 aliyeandika kwamba mrija ni matibabu na mwaka 2003 akasimama kulaani hukumu iliyofuata maandishi yake.

Greer aliendelea na kazi yake hadi alipostaafu mwaka 2010. Ndugu wa Terri waliendesha taasisi yenye jina lake, wakisaidia familia nyingine zenye mgonjwa kama yeye. Michael alianzisha mfuko wa kuwapinga wanasiasa waliomwandama. Na kitabu cha sheria cha Florida kinaendelea kuruhusu mgonjwa asiyeacha maandishi aamuliwe kwa maneno aliyoyasema akiwa mzima, ilimradi ushahidi uwe wazi na wa kuridhisha.