KUUZA KISICHO MKONONI: BUTURA YA KAHAWA NA MIFUKO INAYOSUBIRI BITCOIN IANGUKE

 

Kijana mmoja wa Kayanga, wilayani Karagwe, alinifuata baada ya darsa ya Alasiri na swali ambalo sikulitarajia. "Shehe," alisema, "mmetuambia sarafu za mtandaoni zina mashaka. Nimesikia nchi za nje kuna mifuko ambayo ukiweka pesa humo, Bitcoin ikishuka wewe unapata. Kwa kuwa mnaipinga, na mimi naombea ianguke, basi si halali?" Pesa aliyokusudia kuiweka ilikuwa ya kahawa ya baba yake.

Mifuko hiyo ipo kweli. Mmoja ulianza katika soko la hisa la Toronto, Canada, Aprili 2021. Mwingine, wa kampuni ya ProShares, ulianza New York Juni 2022, siku ambazo Bitcoin iliyokuwa imekaribia dola 69,000 Novemba 2021 imekwisha poromoka hadi kuzunguka dola 20,000. Hutambulikana kwa majina yao: palipoandikwa Short au Inverse, ujue faida imegeuzwa, bei ikipanda mwenye mfuko anapoteza.

Mtu hununua kipande cha mfuko kama anunuavyo hisa. Lakini mfuko wenyewe hauna Bitcoin ya kuuza. Huingia katika mikataba ya bei ya baadaye, kama ile ya soko la Chicago iliyoanza Desemba 2017, na mikataba hiyo hufungwa kwa kulipana tofauti ya bei kwa dola. Hakuna anayekabidhi kitu wala anayepokea kitu.

Tena mifuko hii hupiga hesabu yake upya kila siku, jambo ambalo wengi hawalijui. Chukua mfano: bei ya sarafu ni 100, na wewe umeweka 100. Leo bei imepanda hadi 120, yaani asilimia 20. Pesa yako imebaki 80. Kesho bei imerudi 100, yaani imeshuka kwa sehemu moja ya sita. 80 yako inaongezeka kwa sehemu hiyo hiyo na kuwa 93 na kitu. Sarafu imerudi pale pale ilipokuwa, nawe umekwisha pungukiwa karibu 7, bado ada ya mwenye mfuko.

Sasa turudi nyumbani, maana watu wa Karagwe na Kyerwa (zilikuwa wilaya moja hadi 2012) hawahitaji kufika Chicago ili kulielewa jambo hili. Wanaijua butura. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule au ya matibabu humuuzia mlanguzi kahawa ingali maua, au mbichi juu ya mbuni, kwa bei ya chini sana kuliko ambayo angeipata msimu ukifika kupitia chama cha msingi na KDCU. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na shida ya mkulima imeirudisha mara nyingi.

Sheria yetu ililitazama jambo hili zamani. Katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia. Katika Hadithi ya Anas (r.a.) sababu imetajwa: Allah akiyazuia matunda, mtu atakuwa amekula mali ya ndugu yake kwa haki gani? Imamu Nawawi katika Minhaj ameruhusu kwa sharti la kukatwa papo hapo, tena kiwe kikatwacho kina manufaa. Maua ya kahawa yakikatwa yana manufaa gani?

Na Hakim bin Hizam (r.a.) alipouliza juu ya mtu anayemjia kutaka bidhaa asiyokuwa nayo, naye akamuuzia kwanza kisha akainunue sokoni, Mtume (S.A.W.) alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah, katika kikao chake cha saba mwaka 1992, halikuruhusu kuuza hisa ambazo muuzaji hazimiliki kwa kutegemea ahadi ya dalali kumkopesha, na biashara ya kushindania kupanda na kushuka kwa vipimo vya soko likaihesabu kuwa ni kamari.

Kwa hiyo butura ina gharari, lakini angalau kahawa inatazamiwa kuwapo. Mfuko wa kijana wetu hata hicho hauna. Kilichobaki ni bei peke yake na watu wawili wanaoshindana juu yake, mmoja hapati ila kwa hasara ya mwenziwe. Hiyo ni maysiri, iliyotajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90.

Ama hoja yake ya kupinga munkari, ndugu zangu maimamu, msiipite haraka, kwa sababu inavutia. Kwanza, wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya sarafu zenyewe: aliyekuwa Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, aliziharamisha mwaka 2018, na baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia liliruhusu biashara yake mwaka 2020. Pili, hata tukishika kauli ya uharamu, anayeweka dau kwamba mlevi fulani ataanguka njiani hajakataza ulevi. Ameingia kwenye kamari, na anahitaji ulevi uendelee ili ale.

Mkulima mwenye shida naye ana mlango, nao ni salam. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakilipana kabla kwa tende za miaka miwili na mitatu; akawaachia kwa sharti la kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Katika madhehebu yetu ya Shafi thamani yote hukabidhiwa katika kikao kile kile, na kahawa hutajwa kwa kilo na sifa katika dhima ya muuzaji, si kahawa ya mibuni ile ya shamba lile. Asije mtu akaivisha butura kanzu ya salam: analipa nusu leo, nusu "tutaonana", na shamba limeonyeshwa kwa kidole. Na kwa kuwa ununuzi wa kahawa una kanuni za nchi, mkataba kama huo upitie chama cha msingi, usifanywe gizani.

Kijana alikuwa na swali moja zaidi: rafiki yake amekwisha nunua vipande vya mfuko huo, afanyeje? Nilimjibu auze bila kungoja bei impendeze, achukue rasilimali yake, na kilichozidi akitoe kwa mafakiri kwa nia ya kujitakasa nacho, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Kama kimepungua, asirudi kukifukuza.

Wallahu a'lam.