Stima ikipotea usiku: jenereta gani ununue, na uiweke wapi?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA uliingia giza, jenereta ya sehemu moja ikakataa kuwaka, na Waziri wa Barabara na Uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani. Kabla ya mwaka kwisha nchi ikaingia gizani tena Novemba, na tena Desemba. Wenye kumbukumbu ndefu watakwambia pia kuhusu Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma kule Gitaru akazima taifa. (Tumbili alipona.)

Lakini mtu wa Katelembo hahitaji tumbili. Tawi moja la mti likilalia waya msimu wa mvua linatosha, na jioni yote inaisha kwa mishumaa. Ndiyo maana tumeamua kuandika juu ya jenereta, tukiwaza nyumba kama nyingi za pale nje ya mji wa Machakos: ploti ya hamsini kwa mia, vyumba viwili au vitatu, tangi la maji juu, kuku nyuma, na labda mashine ya kuangulia vifaranga ambayo mayai yake yako siku ya 15 kati ya 21. Mayai hayo hayajui habari za blackout. Yanataka joto la nyuzi 37 na nusu hivi, saa zote.

Utauliza, kampuni ya malipo ya simu inaingilia wapi hapo? Kulipia jenereta kwa simu ni kazi ya nusu dakika. Kinachofuata baada ya malipo ndicho kinachoweza kuua, na watu wengi huambiwa bei tu.

Kwanza, huenda huihitaji

Tuseme ukweli hata kama hautauza jenereta. Kama unachotaka ni taa, kuchaji simu na Wi-Fi, usinunue jenereta. Sola ndogo na betri yake inatosha, haipigi kelele, haili petroli, na Kenya watu wamekuwa wakizilipia kidogo kidogo kwa simu tangu M-KOPA ilipoanza kuziuza hivyo mwaka 2012. Jenereta inaanza kuwa na maana ukiwa na friji, pampu, mashine ya mayai, au biashara ya nyumbani kama kinyozi au cherehani ya stima.

Na kama unaishi ghorofa ya tatu kwenye nyumba ya kupanga, jibu letu ni hapana. Balkoni si nje. Utaona sababu hapo chini.

Hesabu wati, halafu hesabu mlima

Muuzaji atakwambia, "Boss, hii inabeba nyumba yote." Mwambie asubiri, utoe kalamu.

Friji ya kawaida hula kama wati 150 ikiwa inaenda. TV wati 80. Balbu 6 za LED za wati 9 ni 54. Wi-Fi na simu mbili tatu, tuseme 40. Mashine ndogo ya mayai, 100. Jumla 424. Mpaka hapo hata jenereta ndogo kabisa inacheka.

Shida ni vitu vyenye mota. Vinapoamka vinataka nguvu mara tatu au zaidi ya ile vinayotumia vikishashika mwendo. Pampu ya nusu hospawa inayopandisha maji kwenye tangi inaweza kula wati 550 ikienda, lakini sekunde ile ya kuamka inadai kama 1,650. Ongeza zile 424, uko karibu wati 2,070. Pasi, birika la stima na shawa ya kupasha maji usivitie kwenye hesabu kabisa. Shawa peke yake inaweza kupita wati 3,500. Siku hiyo mtaoga maji ya sufuria.

Basi unanunua ya wati 2,500 ukiona umeacha nafasi ya kutosha. Hapo ndipo mlima unaingia. Injini ya petroli inavuta hewa, na Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Watengenezaji wa injini ndogo hukadiria kwamba nguvu hupungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa Machakos hiyo ni kama asilimia 18. Ile 2,500 uliyolipia inabaki kama 2,050, na pampu na friji zikiamka pamoja, jenereta inakohoa na kuzima. Mombasa ingebeba vizuri tu. Kwa nyumba yetu ya mfano, chukua ya wati 3,000, au nunua ndogo na ukubali kupandisha maji kwanza, kisha uzime pampu ndipo uwashe friji. Njia hii ya pili tunaipenda kwa sababu ya bei ya petroli.

Ukisoma kibao cha jenereta, angalia namba mbili. Kuna nguvu ya juu kabisa, ambayo inaishikilia kwa muda mfupi tu, na nguvu ya kuendesha mfululizo. Duka huandika ile kubwa kwa herufi kubwa. Wewe nunua kwa ile ndogo. Na kama ina kompyuta au TV za bei, jenereta za aina ya inveta hutoa stima tulivu zaidi, ingawa bei yake inauma.

Mita sita, na ploti ni hamsini kwa mia

Sasa tuje penyewe. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Ni ile ile ya jiko la makaa, ile ambayo kila msimu wa baridi tunasikia watu walilala nayo chumbani na asubuhi hawakuamka. Tofauti ni kwamba jenereta inatoa nyingi zaidi, haraka zaidi. Nchini Marekani, ambako vifo hivi huhesabiwa, tume yao ya usalama wa bidhaa inasema karibu watu 100 hufa kila mwaka kwa moshi wa jenereta za nyumbani. Wengi walikuwa wamewasha garajini, kwenye veranda au chini ya dirisha, mara nyingi kwa kuogopa mvua au mwizi.

Sheria yao ni rahisi: futi 20, yaani mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, na ekzosi ielekee mbali na nyumba. Kufungua madirisha hakutoshi. Kuacha mlango wa stoo wazi hakutoshi.

Chukua tepu uipime kwenye ploti yako. Hamsini kwa mia ni mita 15 kwa 30. Nyumba yenye upana wa mita 10 ikikaa katikati, kila upande unabaki na mita 2 na nusu. Pembeni basi hapafai kabisa, hata kama ndipo mahali pazuri pa kuificha. Inabaki mbele au nyuma. Nyuma ni sawa kama una nafasi, lakini pima pia kutoka kwa dirisha la jirani, maana mita zako sita zinaweza kuwa mita zake mbili. Na kuku je? Nao wanapumua. Usiiweke karibu na banda.

Zungumza na jirani kabla ya kununua. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaruhusu desibeli 35 tu usiku kwenye makazi, kuanzia saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Jenereta nyingi za kawaida hupita 60 ukiwa mita chache. Kwa hiyo hata bila mtu kupiga ripoti, washa kwa saa chache, friji ipoe, simu zichaji, halafu zima kabla ya watu kulala. Hiyo inakulinda wewe pia, kwa sababu aliyelala hasikii kichwa kikimuuma. Dalili ni hizo: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Zikiwapata watu wawili ndani ya nyumba kwa wakati mmoja, tokeni nje wote na mpige 999 au 112. Usiingie tena kuzima taa.

Mvua? Jenga kibanda cha mabati cha paa tu, bila kuta, kwenye sakafu ya saruji iliyoinuka kidogo. Mwizi? Mnyororo na kufuli kwenye chuma kilichozikwa ndani ya ile saruji. Tunajua ni rahisi zaidi kuingiza jikoni. Usiingize.

Ile waya ya plagi mbili

Kuna fundi atakayekutengenezea waya yenye plagi upande huu na plagi upande ule, uchomeke jenereta kwenye soketi ya ukuta na nyumba yote iwake. Mfukuze. Stima hiyo haibaki kwako. Inatoka kupitia mita, inafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma ikifanya kazi kinyumenyume inageuza volti zako 240 kuwa 11,000. Juu ya mlingoti yuko fundi wa Kenya Power anayejua laini imekufa. Na stima ikirudi ghafla, inakutana na jenereta yako uso kwa uso. Hapo jenereta huungua, wakati mwingine na nyumba.

Njia halali ni swichi ya chenjiova, ambayo huchukua stima ya laini au ya jenereta, kamwe si zote mbili. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Muombe akuonyeshe, wala asione ni dharau. Kama huna pesa ya chenjiova leo, tumia ekstensheni nene kutoka jenereta moja kwa moja mpaka kwa friji, ikiwa imekunjuliwa yote. Ikibaki imeviringishwa hupata joto.

Petroli: lita moja kwa saa ni makadirio mazuri kwa saizi hii. Ikiwa lita ni shilingi 185, saa nne ni 740. EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo angalia kabla ya kujaza mtungi. Usiongeze mafuta injini ikiwa moto, na mtungi ulale nje ya nyumba.

Kulipa bila kulizwa

Baada ya kila blackout kubwa, matangazo ya jenereta za bei ya kutupa hujaa Facebook. Picha nzuri, "stoo iko Nairobi, tuma diposi​ti tukuwekee." Ukituma kwa namba ya mtu binafsi na akazitoa kwa wakala dakika hiyo hiyo, kuzirudisha ni kazi ngumu hata kwetu. Lipa kwa till ya duka, na jina likitokea kwenye skrini lisome kabla ya PIN. Likiwa tofauti na jina la duka, simama, uliza. Weka meseji ya malipo pamoja na risiti na karatasi ya waranti. Angalia pia alama ya KEBS. Namba iliyo chini yake unaweza kuituma kwa SMS kwenda 20023 ujue kama ni ya kweli.

Fundi mlipe kwa awamu: vifaa kwanza, kazi ikikamilika na chenjiova ikijaribiwa mbele yako, ndipo umalizie. Dukani vilevile. Waombe waiwashe ikiwa imebeba kitu kizito, pasi mbili kwa mfano, kwa dakika kumi. Jenereta yoyote huwaka vizuri ikiwa haijabeba chochote. Ukiona haikohoi, weka PIN.