Mombasa na Bahari Yake, Sehemu ya Tatu: Mgeni Aliyelala na Mgeni Aliyepita

Kaskazi imeingia, na magazeti yameturudishia picha tuliyoizoea: meli kubwa ya kitalii imefunga gati Kilindini, wacheza ngoma wamejipanga, wakubwa wanapeana mikono na nahodha. Habari hutaja idadi ya wageni walioteremka, haitaji walikolala. Walilala melini. Waliteremka asubuhi, mabasi yakawapeleka Ngome ya Yesu na Mapembeni, penye matao ya pembe, wengine mbio hadi Tsavo kutazama ndovu, na jioni wakarudi vitandani mwao huku meli ikielekea Unguja au Shelisheli.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua jinsi Ngome ilivyojengwa na ilivyozingirwa, kwa hiyo sitarudia habari za 1593 wala 1696. Leo nataka kueleza jambo ninalolishikilia tangu ujana wangu. Mawakala wa Ulaya siku hizi hutangaza likizo ya namna mbili kwa pamoja, siku kadhaa katika mji wa kale na siku kadhaa baharini, kana kwamba wamevumbua kitu. Hapa Mvita, ndiyo Mombasa, huo ndio uliokuwa mwendo wa kila mwaka kwa karne nyingi, na mpangaji wake alikuwa upepo.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu kuanzia Aprili. Chombo kilichotweka tanga Sur, Maskati, Kuwait au Kachi kiliteremka na kaskazi, na kikishafika hakikuwa na njia ya kurudi mpaka upepo ugeuke. Nahodha hata awe tajiri namna gani, upepo hauhongeki. Na kusi ikishapamba moto, mnamo Juni na Julai, bahari huchafuka hata vyombo vikafungwa; aliyechelewa kuondoka mwanzoni mwa kusi alingoja ipoe. Kwa hiyo karibu kila aliyekuja Mvita kwa bahari alikuwa mkaazi wa Mvita kwa miezi, apende asipende.

Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo kwa mji. Tende, chumvi, mazulia na papa mkavu viliteremshwa Bandari ya Kale, lakini mwenye mali hakuondoka navyo vilipoisha. Alitafuta chumba. Alikula kwa mkopo na akalipa, maana mwaka wa pili angerudi mlango ule ule. Aliswali Msikiti wa Mandhry, uliosimama tangu 1570, akajulikana safu yake. Alisikia mashairi yakisomwa barazani. Zama za mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, hata siasa za mji zilisemwa kwa shairi. Wengine walioa, na wajukuu zao ndio majirani zetu leo.

Hata aliyekuwa na haraka alilala. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, alikaa kisiwani usiku mmoja tu. Tazama alichokipata kwa usiku huo mmoja: aliandika kwamba watu wa hapa chakula chao ni ndizi na samaki, kwamba nafaka huletwa kutoka bara, kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba kila mmoja huosha miguu yake kabla ya kuingia. Habari hizo twazisoma mpaka leo. Nani kati ya wageni wa kutwa atakayeandika kitu juu yetu kitakachosomwa baada ya miaka 700?

Desturi ya kusafiri kwa kufuata upepo haikuzimika zamani sana. Mwishoni mwa 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Wakuwait pale Aden, chini ya nahodha Ali al-Najdi, akateremka na kaskazi pwani yote hii mpaka mlangoni mwa mto Rufiji walikopakia boriti za mikoko, kisha akarudi nao Kuwait mwaka 1939. Aliyoyaona aliyatia kitabuni. Na hizo boriti zinatuhusu. Ndizo hizo zilizoezeka dari za nyumba za mawe za pwani hii, na kwa kuwa boriti haivuki sana mita tatu, vyumba vya nyumba hizo vikawa virefu na vyembamba. Mgeni anayelala ndani ya chumba kama hicho, katika nyumba ya matumbawe na chokaa yenye roshani ya mbao juu ya kichochoro cha Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, analala ndani ya hesabu ya biashara ya bahari. Jambo hilo halionekani kwenye dirisha la basi.

Tuliharibikiwa lini? Mvuke ndio uliotutenga. Kampuni ya meli ya British India ilianzisha safari za barua za meli za moshi kuja pwani hii mwaka 1872, na meli ya moshi haiulizi upepo. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na meli zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa wenye kina kirefu, ambako gati za kwanza za maji makuu zilifunguliwa mwaka 1926. Tangu hapo mgeni akatoka melini akaingia garini, na Mombasa ikawa mlango wa kupitia. Winston Churchill alipita 1907. Theodore Roosevelt alifika Aprili 1909 kwa meli ya Kijerumani Admiral, akakirimiwa Mombasa Club, ukuta kwa ukuta na Ngome, na kesho yake akapanda gari moshi kwenda kuwinda. Wote wawili waliketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni watazame wanyama. Watu wa Kibokoni, waliokuwa hatua chache kutoka kwenye ile karamu, hawakutazamwa.

Nafasi imenibana, nami sijaifikia hoja ya leo, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi. Kwa meli ya kitalii bandari ni za aina mbili: ile inayopitiwa, na ile ambayo safari huanzia au kuishia. Bandari ya kupitiwa hupata ada za meli, nauli za mabasi na kinyago kimoja kimoja. Bandari ya kuanzia hupata usiku, kwa sababu abiria huja siku mbili tatu kabla na hubaki siku mbili tatu baada. Barcelona imetajirika kwa njia hiyo. Nasi tuliionja: miaka ya 1990 meli ndogo Royal Star ilikuwa na maskani yake hapa Kilindini, na wageni wa mahoteli ya pwani walipanda na kushuka hapa hapa. Kisha wakaja maharamia wa Kisomali, waliozishambulia hata meli za kitalii, Seabourn Spirit mwaka 2005 na MSC Melody mwaka 2009, na bahari yetu ikasusiwa. Sasa meli zimerudi, jengo la abiria lipo gatini, treni na uwanja wa ndege vipo. Kinachokosekana ni nia.

Sitaki wingi bila mpaka. Venice ilizifungia meli kubwa mfereji wake mwaka 2021, na Dubrovnik ikajiwekea mpaka wa meli mbili kwa siku, kwa sababu umati wa kutwa hukanyaga mji bila kuulisha. Wala sitaki tufanye kama ndugu zetu wa Lamu, ambako nyumba nyingi ziliuzwa kwa wageni na wenyewe wakabaki walinzi wa milango ya babu zao. Na adabu ina pande mbili. Tunalalamika kwamba mtalii hupita nusu uchi mbele ya msikiti, lakini hajakaa na mtu wa kumwelekeza. Naye hulalamika kwamba vijana wetu humkimbilia kwa makelele. Nao humkimbilia kwa kuwa wanajua kufikia magharibi ameshaondoka. Mgeni wa siku tatu husalimiwa kwa jina.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni asiyelala hamponyi mtu. Basi serikali ya kaunti na mamlaka ya bandari wazitafute meli ndogo zitakazoanzia safari Mombasa kwenda Lamu, Unguja na Kilwa. Nawe mwenye nyumba Kibokoni, usiuze. Tengeneza roshani, safisha chumba kimoja cha juu, ukodishe kwa usiku.