SHAHADA YA KIHISPANIA NA MAFUNZO YA KAZI
Maelezo kwa vijana, wazee wao na watumishi wa Serikali

Mtaa wa Sinza, Dar es Salaam, si mgeni kwa watu wa Visiwani. Eneo hilo lilipimwa viwanja katika miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na kwa kuwa liko karibu na Mlimani, vijana wengi wanaosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupanga vyumba huko, wawili wawili au watatu watatu. Miongoni mwao hawakosi wa kutoka Unguja na Pemba. Wapo pia waliokwisha kumaliza masomo, ambao bado wamo katika vyumba vile vile, shahada imo sandukuni na kazi haijapatikana, na kodi ya chumba inalipwa na mzee aliyebaki kijijini.

Hali hiyo humpata zaidi aliyesoma lugha. Mwenye shahada ya uhasibu huulizwa amefaulu kwa kiwango gani, lakini mwenye shahada ya Kihispania huulizwa anajua kufanya nini. Swali hilo huonekana kuwa la dharau, ingawa kwa hakika ni la haki. Maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kulijibu kabla halijaulizwa, kwa kuiunganisha lugha na mafunzo ya kazi.

Kwanza ieleweke kuwa Kihispania si lugha ya kupuuzwa. Ni lugha rasmi ya mataifa 20, mengi yao yakiwa Amerika ya Kusini na ya Kati. Ni moja ya lugha sita za Umoja wa Mataifa, pamoja na Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kiingereza na Kirusi. Katika bara letu huzungumzwa Guinea ya Ikweta, na Umoja wa Afrika umeiweka miongoni mwa lugha zake, kama ulivyoiweka Kiswahili.

Kwa mtu wa pwani, aliyepita chuoni na kusoma Kurani kabla ya kuingia skuli, lugha hiyo ina milango iliyokwisha kufunguliwa. Waarabu walikaa Andalusia karne nyingi na maneno yao yakabaki huko. Sukari ni azúcar, zaituni ni aceituna, na neno hasta ni lile lile hata letu, kwa asili moja ya Kiarabu. Meya wa mji huitwa alcalde, naye kwa asili si mwengine ila kadhi. Tarifa, yaani orodha ya bei au ya ushuru, ni ndugu wa taarifa. Msemaji anapotamani jambo liwe husema ojalá, neno lililotokana na kauli ya kumtaja Mwenyezi Mungu. Kwa upande mwengine Wareno walituachia meza na bendera, na Wahispania husema mesa na bandera. Irabu ni zile zile tano, na husomwa kama zinavyoandikwa. Hata upatanisho wa maneno haumtishi mwenye kuzijua ngeli: wao husema libro rojo lakini mesa roja, nasi husema kitabu chekundu lakini meza nyekundu. Vitenzi ndivyo vigumu, na hapo hapana njia ya mkato.

Hata hivyo, wepesi wa kujifunza lugha haumpi mtu ajira. Zipo njia mbili kuu za kuiunganisha lugha na kazi.

Njia ya kwanza ni kuipata lugha ndani ya fani. Njia hii Zanzibar inaijua vizuri kutokana na uhusiano wake wa muda mrefu na Cuba. Mwanafunzi wa kigeni aendaye Cuba kusomea udaktari huanza kwa kujifunza Kihispania, kisha masomo ya fani yote hufundishwa kwa lugha hiyo. Chuo cha udaktari cha Havana kijulikanacho kwa kifupi ELAM, kilichofunguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya vijana wa nchi nyengine, kinafuata utaratibu huo. Hapa Zanzibar kwenyewe mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 2007 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, na wahadhiri wakaja kufundisha hapa hapa. Mhitimu wa njia hii haulizwi anajua kufanya nini. Yeye ni daktari, na Kihispania ni nyongeza.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, aliwekwa kuwa mkalimani na mwalimu wa Kiswahili wa Che Guevara katika msitu wa mashariki ya Kongo, ambako Wacuba walijipa majina ya hesabu yetu: Moja, Mbili, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Baadaye kijana huyo alipelekwa Cuba, akajifunza Kihispania, akasoma udaktari na kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto. Alifariki mwaka 2005. Inafaa isemwe pia kwamba alikaa miongo mingi bila ya kuonana na jamaa zake, na hilo nalo ni gharama.

Njia ya pili ni kusoma fani baada ya lugha. Hapa wengi hupotea, kwa kudhani kuwa shahada ya kwanza ni mwisho wa safari. Wanaoishi Sinza wana mfano karibu na milango yao. Kando ya Barabara ya Sam Nujoma ipo taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kijana aliyemaliza shahada ya sheria Mlimani hawi wakili wa Tanzania Bara kwa shahada hiyo peke yake. Huvuka barabara, akafundishwa kazi. Wanasheria wamelikubali jambo hili bila ya manung'uniko makubwa, na haijulikani kwa nini wasomi wa lugha waone ni kushushwa hadhi. (Mwenye shahada ya Kihispania asidhani kuwa ataingia katika taasisi hiyo, inapokea wenye shahada ya sheria.)

Kwa msomi wa lugha, mlango wa karibu ni ualimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni, hutoa stashahada ya uzamili ya elimu kwa mtu mwenye shahada isiyo ya ualimu, naye husoma huku akiendelea na shughuli zake. Lakini tahadhari inahitajika. Lugha za kigeni zilizozoeleka katika mitihani ya sekondari ni Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, na katika miaka ya karibuni Kichina. Mwalimu mwenye Kihispania pekee atatafuta skuli asiipate. Hivyo basi, anayekusudia ualimu na achague somo la pili tangu mwaka wa kwanza wa shahada, liwe Kiingereza, historia au jiografia, kwani kulitafuta baada ya kumaliza ni kuanza upya.

Mlango mwengine uko Kurasini, Wilaya ya Temeke. Chuo cha Diplomasia kilianzishwa huko mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, na sasa kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Jina hilo lina maana kwa jambo hili. Mzaliwa huyo wa Pemba, kabla hajawa Balozi wala Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alifanya kazi katika ofisi ya Zanzibar mjini Havana mwaka 1961 na 1962, akiwa bado kijana mdogo. Kijana mwenye lugha akiongeza masomo ya uhusiano wa kimataifa huwa na sifa mbili, na anayetafuta mtumishi huona zote mbili.

Utalii hauhitaji maneno mengi. Wageni wanaozungumza Kihispania hufika Nungwi, Paje na Mji Mkongwe, nao hupenda kuongozwa kwa lugha yao. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, ikiwamo ya Temeke, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hufundisha fani hiyo Maruhubi. Cheti cha uongozaji wageni huchukua muda mfupi kuliko shahada nyengine. Tafsiri na ukalimani ni kazi yenye malipo mazuri zaidi, lakini mikutano haimwiti mtu kila siku, na kukalimani kwa wakati mmoja na msemaji ni ufundi unaosomewa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili kwa ajili hiyo. Ajuaye lugha mbili hajawa mkalimani kwa kuzijua tu.

Yapo mambo ya taratibu ambayo wananchi huyachanganya. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Kwa hivyo shahada iliyopatikana nje ya nchi hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe, iwe mwenyewe ataajiriwa Bara au Visiwani. Vyeti vilivyoandikwa kwa Kihispania vifanyiwe tafsiri yenye kuthibitishwa, pamoja na orodha ya masomo na alama, na ni vyema kazi hiyo ifanywe huko huko kabla ya kurudi, maana muhuri uliosahauliwa Havana au Madrid haupatikani kwa urahisi kutoka Sinza. Afya, kinyume chake, si jambo la Muungano. Daktari husajiliwa na Baraza la Zanzibar kwa kazi za Zanzibar, na na Baraza la Tanganyika kwa kazi za Bara. Usajili wa upande mmoja hautoshi kwa upande wa pili.

Asiye na shahada ya Kihispania lakini anaijua lugha anaweza kufanya mtihani wa DELE, unaosimamiwa na Taasisi ya Cervantes kwa niaba ya Serikali ya Uhispania. Una ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, na cheti chake hakina muda wa kumalizika. Kwa mtumishi ambaye tayari ana fani yake, awe muuguzi, ofisa wa forodha au wa uhamiaji, njia hii huwa nafuu kuliko kurudi chuoni miaka mitatu.

Mtumishi anayekusudia kwenda masomoni kwa muda mrefu apate kwanza ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri wake, ikitaja jina la kozi na muda wake. Anayesoma kwa mkopo wa Serikali, uwe wa Bodi ya Bara au wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, akumbuke kuwa deni huhesabiwa hata kama mafunzo ya kazi bado yanaendelea. Kwa hivyo gharama za stashahada au cheti cha fani zipangwe na wazee mapema, pamoja na zile za shahada yenyewe, kabla ya kijana hajapanda boti.