Doa la mafuta mbele ya nyumba: usilioshe kwa esanse

Jambo hili tunaliona karibu kila Jumamosi katika kambi zetu. Baba amefungua motere ya gari mbele ya nyumba, anabadili mafuta. Chombo kinapinduka, au hakuna chombo kabisa, na mafuta machafu yanamwagika juu ya simenti. Jioni mama anakuta doa jeusi, pana kama sinia, pale pale watoto wanapochezea. Anasikitika, na ana haki. Halafu mtu anapita na kusema: «Mwaga esanse kidogo, litatoka mara moja.»

Hapo ndipo hatari inapoanza.

Anayeandika haya alimwona jirani mmoja akifanya hivyo. Alimwaga nusu lita ya esanse juu ya doa, akasugua kwa fagio. Hakuwa na sigara mdomoni, hakuwasha kiberiti. Lakini mke wake alikuwa akipika juu ya mbabula, hatua chache upande wa pili. Moto ulitoka kwenye mbabula, ukapita chini, ukamrudia yeye. Miguu yake yote miwili iliungua mpaka magotini, na kwa wiki nyingi hakutoka kwenda kazini.

Namna gani moto unaweza kutembea hivyo? Esanse inatoa mvuke hata wakati wa baridi, asubuhi za Juni na Julai. Mvuke huo hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa, zaidi ya mara tatu. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini kama maji, unafuata mteremko na mfereji, mpaka ukute kaa moja jekundu. Mtu anayesema «moto uko mbali» hajui kwamba mvuke umekwisha kufika.

Na faida yake ni ndogo. Simenti inaonekana ngumu kama jiwe, lakini ndani ina vitundu vidogo sana, na inakunywa mafuta pole pole. Esanse inayeyusha mafuta, yanakuwa mepesi, yanaingia ndani zaidi na kutawanyika pembeni. Doa linafifia siku hiyo. Baada ya siku chache linarudi, tena limekuwa pana.

Kuna wengine wanaotumia soda kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Wanafikiri hivi: soda inageuza mawese kuwa sabuni, basi itageuza na mafuta ya motere. Sivyo. Mawese yanatoka katika tunda, na soda inaweza kuyageuza. Mafuta ya motere yanatoka katika petroli ya chini ya ardhi. Hayakubali kuwa sabuni hata ukiyachemsha kutwa. Kwa hiyo unapata taabu ya soda bila faida yake: inachoma ngozi, na tone moja likiruka katika jicho linaweza kulipofusha. (Ikitokea hivyo, fungua jicho chini ya maji safi yanayotiririka, dakika 20 zisipungue, usitie ndimu wala siki, kisha nenda kwa mganga.) Maji ya batri pia yaacheni. Yanakula simenti na kuacha mafuta.

Sasa kazi yenyewe. Mafuta yakimwagika leo, usilete maji. Maji yanayasambaza. Zungushia mchanga yasiende mbali, kisha funika doa lote kwa kitu kikavu kinachokunywa mafuta: unga wa mbao, au majivu yaliyopoa kabisa, au udongo mkavu wa kichuguu, ule ule tunaofyatulia matofali. Udongo huo ni mzuri sana, na haununuliwi. Uutwange uwe laini (si katika kinu cha sombe, mama hatafurahi). Kanyaga unga huo kwa viatu vya zamani ushuke vizuri, uuache usiku mzima. Asubuhi fagia. Kama unga umelowa mafuta, weka mwingine. Rudia mpaka unga utoke mkavu kama ulivyouweka. Ukifanya hivyo siku ile ile, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Doa la zamani linataka uvumilivu. Kwanza kwangua uchafu mgumu wa juu kwa kipande cha chuma. Mimina maji ya moto kidogo, nyunyiza sabuni ya unga kwa wingi, ngoja nusu saa, kisha sugua kwa brosi ngumu. Povu jeusi usilisukume kwenye mfereji; mwagia unga wa mbao, ulikusanye kwa kijiko cha takataka. Baada ya hapo changanya udongo wa kichuguu na maji ya sabuni mpaka uwe kama tope zito, upake juu ya doa unene wa kidole kimoja, na uache ukauke wenyewe. Tope likikauka linavuta mafuta kutoka chini, kama vile kitambaa kikavu kinavyovuta maji. Linaweza kutaka mara mbili au tatu. Doa la miaka mingi halitatoka lote; alama itabaki. Alama haiangushi mtu. Kinachoangusha ni utelezi, hasa mvua ya kwanza inapoanguka na mafuta yaliyolala kipwa kizima yanapanda juu ya maji.

Wanaofanya kazi garajini wanajua habari ya utelezi. Lakini hapo kuna desturi mbaya: kila mtu anaruka doa na kusema, si mimi niliyemwaga. Aliyemwaga afute, ndiyo. Kama hayupo, wewe uliyeliona weka mchanga juu yake kabla hujaendelea. Anayekuja nyuma yako anaweza kuwa amebeba mzigo mbele ya macho.

Neno moja kwa wamama juu ya chupa. Esanse au petroli inayobaki mara nyingi inatiwa katika chupa ya limonade na kuwekwa chini ya kitanda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma rangi. Akinywa, msimtapishe, msimpe mawese wala maziwa. Akitapika, petroli inaweza kuingia katika mapafu, na hiyo ndiyo inayoua. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na chupa.

Na mafuta machafu yenyewe? Yasimwagwe karibu na kisima, na yasipakwe kwenye kidonda wala kwa mbwa mwenye ukurutu. Yamebeba masizi ya motere, na ngozi inayoguswa nayo mwaka baada ya mwaka inaweza kupata kansa. Kata bidoni kuukuu ubavuni, uiweke chini ya gari kabla ya kufungua, halafu peleka mafuta kwenye garaji inayoyakusanya. Nawa mikono kwa sabuni, si kwa esanse. Vitambaa na unga uliolowa viwekwe katika pipa la chuma lenye kifuniko, mbali na nyumba. Mtu asivitie katika mbabula kuwashia makaa.

Ukitaka kujua kama doa limetoka kweli, ngoja simenti ikauke vizuri, halafu dondosha maji kidogo juu yake. Maji yakisimama kama shanga, mafuta bado yamo ndani. Paka tope tena. Maji yakinywewa mara moja, mwache mtoto acheze.