Washairi watatu na gereza: kutoka Mombasa hadi Luanda

Serikali inaweza kumfunga mshairi, lakini kulifunga shairi ni kazi nyingine. Maisha ya washairi watatu, Mkenya, Mrusi na Mwangola, yanathibitisha hilo. Ya mmoja wao yanafundisha jambo jingine, gumu zaidi.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na umri wa miaka 22 alipokamatwa mwishoni mwa 1968. Kosa lake lilikuwa waraka wenye kichwa «Kenya: Twendapi?», ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani aliandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 katika kitabu «Sauti ya Dhiki». Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi.

Nchini Urusi, Anna Akhmatova alibaki nje ya lango. Nikolai Gumilyov, mshairi mwenzake aliyewahi kuwa mume wake, alipigwa risasi mwaka 1921. Mtoto wao Lev alikamatwa mwaka 1938. Kwa miezi 17 mama alipanga foleni na wanawake wengine mbele ya gereza la Leningrad, wakisubiri habari za watu wao. Shairi alilolitunga juu ya foleni hiyo, «Requiem», lilikuwa hatari kuliweka nyumbani. Aliandika beti kwenye kipande cha karatasi, rafiki akazisoma mpaka akazishika kichwani, kisha karatasi ikachomwa. Akhmatova alifariki mwaka 1966. Shairi hilo lilichapishwa nchini mwake mwaka 1987.

Agostinho Neto wa Angola alikuwa daktari na mshairi. Wareno walimfunga mara kadhaa kwa sababu ya kudai uhuru. Mwaka 1962 alitoroka Ureno na kufika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka huo huo akawa kiongozi wa chama cha MPLA. Tarehe 11 Novemba 1975 akawa rais wa kwanza wa Angola huru.

Lakini tarehe 27 Mei 1977, kundi moja la chama chake lilijaribu kumpindua. Jaribio lilishindwa, na msako uliofuata uliua maelfu ya watu, wengi bila kufikishwa mahakamani. Mfungwa wa jana ndiye aliyekuwa madarakani. Mwaka 2021 Rais João Lourenço aliomba msamaha kwa niaba ya taifa. Familia zilikuwa zimesubiri miaka 44.

Mashairi ya Neto bado yanasomwa, na yanastahili kusomwa. Ila anayeyasoma aijue na tarehe ile ya Mei.